Waliolazwa Baada ya Sindano

Hospitalini walishamjua Maka. Askari wa lango alimpisha bila kumuuliza shida yake, na kijana wa mapokezi, mtu wa bara aliyehamishiwa Garissa mwaka ule, alipomwona kwa mbali akijitanda shali yake alianza kutafuta kitu chini ya meza. Hakukuwa na kitu chini ya meza. Alipoinuka, Maka alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Mama, umerudi tena."

"Mimi narudi," Maka akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe nambia leo. Watoto ngapi aliingia hosbitali baada ya ile sindano ya surua? Na wale aliingia, ngapi alikuwa imechanjwa?"

"Hiyo ni data, mama. Data si yangu."

"Si yako, ni ya nani? Mtoto ilikuwa yangu."

Kijana yule hakuwa mbaya. Alimwonyesha benchi, akamletea maji, akamwambia angoje mkubwa. Maka akangoja. Mtaka cha mvunguni huinama, na yeye alikuwa ameinama tangu mvua fupi zilipokatika mpaka mgongo ukamuuma. Kila alipokuja alipewa benchi, maji na mkubwa wa kungojewa.

Mtoto mwenyewe alikuwa mjukuu wake Anab, binti wa mwanawe Mowlid na mkewe Weris. Alikuwa mtoto wa kutembea tembea na kuvuta nguo za watu, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Timu ya chanjo ilipofika mtaani kwao na kupiga hema karibu na shule, Maka ndiye aliyeamuru. Utotoni mwake aliona surua ikipita katika maboma yao na kuwachukua ndugu zake wawili, na hakuwa na subira na mtu wa kujivutavuta. Alimwambia Weris, "Mpeleke leo. Kesho wameondoka." Kisha akaenda zake sokoni kuuza maziwa ya ngamia. Aliporudi alimkuta Anab na kidole chake kidogo kimepakwa weusi, ile alama wanayotiwa watoto waliochanjwa ili wasidungwe mara mbili. Akakibusu kidole kile, akampa maziwa.

Majuma machache baadaye macho ya Anab yalikuwa mekundu. Homa ikapanda, vipele vikatoka, kifua kikaziba. Walimkimbiza hospitali, akalazwa, na wodini ndiko alikofia. Siku ya matanga, wanawake wamejaa mkekani, Weris, aliyemwita mkwewe hooyo, yaani mama, aliinua uso na kusema maneno yaliyosikika mpaka kwa wanaume nje: "Alichanjwa. Hooyo alisema achanjwe, akachanjwa." Hakuongeza jingine. Hakuwa na haja, kwa maana kila mtu alishageuka kumtazama Maka, na mmoja wao alikuwa Mowlid.

Tangu siku hiyo Mowlid hakula kwa mama yake. Alikuwa dereva wa lori la ng'ombe, leo Garissa kesho Nairobi, na akirudi alilala, akaamka, akaondoka. Salamu alimpa, dini inamtaka ampe, lakini alikuwa akiitoa huku ameangalia ukuta. Maka angestahimili matusi kuliko ule ukuta.

Kwa hiyo alitaka kujua jambo moja tu. Hakutaka fidia, hakutaka kumshtaki mtu. Alitaka kujua kama yeye ndiye aliyemuua Anab. Alilipanga hivi kichwani mwake: ikiwa waliojaa wodini baada ya kampeni ile ni watoto waliochanjwa, basi sindano ndiyo iliyowaangusha, na aliyemsukuma Anab kwenye sindano ni yeye kwa mdomo wake. Ikiwa waliojaa ni wale ambao hawakuchanjwa, basi Anab alikuwa na bahati mbaya aliyoandikiwa na Mungu, na bibi yake angeweza kusali bila kutetemeka. Jibu lilikuwa ndani ya hospitali. Mtu alikuwa amelikalia.

Aliyelikalia aliitwa Sugow. Alikuwa afisa wa takwimu, mtoto wa mji huu huu, baba yake alikuwa mwalimu ambaye Maka alimuuzia maziwa miaka mingi. Siku hiyo alimpokea ofisini, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akazungumza naye Kisomali kwa adabu zote, wakiitana eeddo na adeer, shangazi na ami.

"Eeddo, nimekwambia. Habari za wagonjwa ni siri."

"Sijakuuliza jina la mtu, adeer. Nimekuuliza hesabu."

"Hesabu nayo ina utaratibu. Lazima kaunti iidhinishe. Na kaunti inangoja wizara."

"Na wizara inangoja nani?"

Sugow akacheka kidogo, kisha akaona Maka hacheki, akaacha.

Hapo ndipo mtu anapotamani kukamata watu wa maofisi na kuwatikisa. Wao waliona wameficha karatasi kabatini, kumbe mji haukai bila hesabu. Ukiunyima ya kweli utajitungia yake. Kwenye vibanda vya chai watoto waliokufa walikuwa mia. Kufika Masalani walikuwa mia tatu. Mwanamke mmoja sokoni aliapa kwamba sindano ile ilikuwa ya kufunga vizazi, na alipoulizwa sasa watoto wanakufaje ikiwa ni ya kufunga vizazi, alisema hizo ndizo mbili kwa moja. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja. Ofisi nayo ikanyamaza kwa utaratibu.

Aliyeikwamua hesabu ile alikuwa Deeq, mtoto wa kaka yake Maka, mtangazaji wa redio ndogo ya mjini. Deeq alikuwa na sauti nzuri na ulimi mwepesi, na alipenda vita ambavyo havimwagi damu. Alimwambia shangazi yake kwamba katiba inampa kila raia haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na kuna sheria nzima juu ya jambo hilo. Akaandika ombi rasmi, akalipeleka, akangoja muda uliowekwa. Ulipopita bila jibu akaanza kuuliza redioni, kila kipindi, kwa upole wa kuudhi: "Leo pia, wasikilizaji, hospitali haijamjibu eeddo Maka."

Nyumbani Maka alimweleza Weris kila hatua. Weris alikuwa akifanya kazi yake ya kupamba maharusi, na mchana mwingi alikaa barazani akikoroga piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono na miguu, akiijaribisha kwenye ukucha wake. Alisikiliza huku ameinamia kibakuli. Siku moja alisema, "Hooyo, acha tu. Anab hatarudi."

"Najua hatarudi," Maka akamjibu. "Mimi ndiye ninayetaka kurudi."

Weris akaamka, akaenda kunawa mikono, akakawia huko. Maka aliona ni uchungu wa mama, akamhurumia.

Karatasi ilitoka siku ya Jumatatu. Sugow aliitoa mwenyewe, mbele ya Deeq, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa bali wa mtu mwenye hofu. Watoto thelathini na wanne walikuwa wamelazwa kwa surua katika miezi ile baada ya kampeni. Ishirini na mmoja kati yao waliandikwa kuwa wamechanjwa.

"Eeddo, nakuomba," Sugow akasema. "Hesabu hii usiisome peke yake. Haijakaa sawa. Sijawahi kuona hivi. Ndiyo maana tulitaka tuichunguze kwanza."

"Miezi yote hii ulisema ni siri," Maka akasema. "Hukusema hata siku moja kwamba mnaichunguza."

"Hatungeweza kusema."

"Basi sasa mimi nitasema."

Alikwenda na Deeq studioni akiwa bado na vumbi la njiani miguuni. Deeq akasoma hesabu, akamsogezea kipaza sauti. Maka hakuwa mwanamke wa hotuba. Alisema jina la mjukuu wake. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeamuru apelekwe. Sauti ikamkatika, akakaa kimya, na Deeq kwa ujuzi wake akauacha ukimya ule uende hewani. Kisha Maka akasema, "Hesabu ndiyo hiyo. Mwenye mtoto amshike mtoto wake."

Maneno hayo yalikimbia. Watu waliyakata kutoka redioni wakayatia kwenye simu, pamoja na picha ya karatasi yenye muhuri, yakafika Wajir, yakafika Mandera, yakavuka Liboi. Watu waliokuwa wakisema hospitali ni waongo tangu kuumbwa kwake sasa walisema hospitali yenyewe imekiri. Mjini wanawake walimsimamisha Maka wamshike mkono. Walimwita shujaa, wakamwombea dua. Alitamani ardhi immeze.

Kwa maana yeye alikuwa amepata jibu lake. Ishirini na mmoja, na mmoja wao alikuwa Anab. Alikuwa amebisha mlango ule mpaka ukafunguliwa, na nyuma ya mlango alikuwepo yeye mwenyewe ameshika mkono wa mtoto anampeleka kufa. Aliacha kwenda sokoni. Alilala akitazama mabati, na ikifika sala alisali ameketi kama mgonjwa. Madumu ya maziwa yaliletwa na gari asubuhi, akamwachia jirani auze.

Ijumaa, baada ya wanaume kurudi msikitini, Weris alimletea chakula. Maka akageuza uso.

"Kula, hooyo."

"Nilimuua. Sasa imeandikwa na muhuri umepigwa."

Weris akaweka sahani chini. Alikaa kando yake mkekani, magoti pamoja, mikono imefichwa ndani ya shali.

"Hukumuua."

"Imeandikwa, Weris."

"Hakuchanjwa."

Maka akageuka polepole.

Basi Weris akasema. Siku ile alitoka na Anab kweli, lakini hakufika kwenye hema. Alipita kwa Arbia, jirani wa nyumba ya tatu, akawakuta wanawake wamekaa na watoto wao wamejaa hofu, wanazungumza habari za vizazi na sumu. Hakuna aliyetaka kwenda, na hakuna aliyethubutu kurudi nyumbani bila kwenda, huyu akimwogopa mumewe, yule mkwewe, yule chifu. Mmoja akasema timu ikipita nyumba kwa nyumba haiangalii kitu kingine ila kidole. Siku hiyo Weris alikuwa na harusi jioni. Piko lilikuwa ndani ya mkoba.

"Nilianza na Anab," akasema. "Kidogo tu, kwenye kidole kidogo. Arbia akasema na wangu. Kisha wote. Kesho yake wakaja wengine, hata wa mitaa ya mbali, wametumana. Piko langu halitoki upesi, hooyo, wewe unalijua. Nililiona jambo la kucheka. Tulicheka siku ile."

"Na hospitali?"

"Nesi aliinua mkono wa Anab, akaangalia kidole, akaniuliza, 'Amechanjwa?' Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Ningesema nini?"

Jambo la kwanza lililompata Maka lilikuwa raha. Tusimsingizie utakatifu. Pumzi iliingia kifuani mwake mpaka chini, kwa mara ya kwanza tangu matanga, na akaionea aibu pumzi hiyo papo hapo. Kisha ikaja hasira.

"Ulisema mbele ya watu kwamba mimi ndiye."

"Nilisema."

"Umenitazama nikienda hospitali na kurudi, nikienda na kurudi. Umenipikia chai nikirudi."

"Nilikuwa nikisema kila siku, leo nitamwambia." Weris alikuwa analia bila sauti. "Siwezi kulibeba, hooyo. Nilitaka mtu mwingine alibebe. Wewe una nguvu. Mowlid akijua ataniacha, na nikiachwa sina hata kaburi la kumwangalia."

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema ufanye nini ukikivua nguoni ukakuta kinalia na ni mtoto wako. Maka alitaka kumpiga. Alimvuta kichwa akakilaza mapajani mwake, wakakaa hivyo mpaka chakula kikapoa, na ni katika kukaa huko ndipo ile hesabu ilipomrudia. Ishirini na mmoja. Wangapi kati yao walichanjwa na serikali, na wangapi na Weris? Na yeye, Maka, ndiye aliyeisimamia mpaka ikatoka, akaipeleka redioni kwa mkono wake.

Jumatatu iliyofuata alikuwa tena kwenye kiti chenye mto. Hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba amesikia, mtaani, kwamba kuna vidole vilipakwa piko. Sugow alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wengi hawana kadi za kliniki," akasema. "Manesi huangalia kidole. Mama akisema ndiyo na kidole kikisema ndiyo, huandikwa ndiyo."

"Basi badilisheni."

"Kwa neno la nani, eeddo? Tukitoka leo tuseme karatasi ile ina makosa, watu watasema nini? Watasema tumeona aibu tunafuta. Niletee akina mama wenyewe. Hata watatu. Waseme kwa midomo yao, bila majina kutangazwa, na mimi nitasimama nao."

Maka akaenda nyumba kwa nyumba. Arbia alimkaribisha vizuri, akammiminia chai ya maziwa, akatia na iliki. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amelazwa wakati mmoja na Anab, akapona. Maka alipomaliza kusema, Arbia alipangusa meza isiyokuwa na uchafu.

"Piko ni la maharusi, Maka," akasema. "Mtoto wa kupakwa piko la nini?"

Wa pili alisema hakumbuki. Wa tatu, ambaye mtoto wake alizikwa juma moja na Anab, alisimama mlangoni asimwache aingie, na macho yake yalimwomba Maka aende kwa namna ambayo Maka hakuweza kubaki. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo isemwavyo. Hapa kifo kilikwenda kwa mtoto, na mficha maradhi akabaki na siri yake na mumewe na chai ya iliki.

Akabaki Weris. Maka alimsihi aende kwa Sugow, au kwa Deeq afichwe sauti. Weris alisema atakwenda, ila kwanza amwambie Mowlid kwa mdomo wake, asije akalisikia njiani. Maka aliona ni haki. Asubuhi alipotoka chumbani kwake mlango wa Weris ulikuwa wazi na mikeka imekunjwa. Alikuwa amepanda basi la Wajir alfajiri, anakwenda kwao Tarbaj.

Mowlid alipiga simu kutoka barabarani, injini inanguruma nyuma yake.

"Hooyo, umemfukuza na mke wangu?"

Maka alikuwa na maneno yote mdomoni. Neno moja tu na mwanawe angerudi mezani kwake, angemtazama usoni. Aliona neno hilo likitoka, likifika, na Mowlid akitamka talaka pale pale kwenye usukani kabla ya kuvuta breki. Alimjua. Aliyemzaa ni yeye.

"Amekwenda kupumzika kwa mama yake," akasema.

Mowlid akakata simu.

Deeq naye, alipoambiwa, alikuna ndevu. Aliamini, hakika aliamini, ila hakuona pa kulishikia. "Eeddo, nitasema hesabu si ya kweli. Nani amesema? Aliyesema ni ya kweli ni wewe, kwa sauti yako, mji mzima umeisikia. Nipe mtu mmoja. Nipe Weris." Maka hakuwa na Weris. Deeq akaahidi atalizungumza jambo hilo kwa jumla, kwamba takwimu zahitaji uangalifu, na akalizungumza kweli, katikati ya tangazo la simenti na habari za mpira.

Surua haikungoja watu waelewane. Wodini vitanda viliwekwa viwili viwili, na sasa manesi walikuta watoto wengi hawana alama yoyote kidoleni, wala mama zao hawakujisumbua kudanganya. Walisema kwa kiburi: hakuchanjwa, tumesikia redioni. Maka alipita nje ya ukuta wa hospitali akienda sokoni, maana alikuwa amerudi sokoni, njaa haina matanga. Alipita akiangalia chini.

Maziwa yake yalitoka kwa Kaaha, mwanamke wa ngamia aliyeishi na watu wake karibu na kisima upande wa Liboi. Walikuwa marafiki wa simu kwa miaka. Kila asubuhi Kaaha alipiga kumwambia madumu mangapi yako garini, wakatakiana heri, wakasengenya watu kidogo, wakaachana. Walionana mara chache, lakini kuna mambo Kaaha aliyajua ya Maka ambayo hata ndugu zake hawakuyajua. Asubuhi hiyo alipiga akiwa na furaha.

"Maka, Mungu akulipe. Gari la sindano limekuja kisimani jana, na leo bado liko. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari na Ahmednoor mgongoni." Ahmednoor alikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa kwa taabu. "Tumebakisha watu wachache mbele yetu. Kijana mmoja akafungua simu, nikasikia sauti yako. Nikawaambia, huyu namjua, huyu ni Maka wangu, hasemi uongo. Tukatoka, Maka. Mstari wote ukatoka."

Maka aliketi juu ya dumu. Sokoni palikuwa na kelele za kawaida, wauzaji wakigombania kivuli. Akaziba sikio moja kwa kiganja.

"Kaaha, nisikilize. Rudi kwenye mstari."

"Unasema?"

"Mrudishe Ahmednoor akachanjwe. Leo, kabla gari halijaondoka. Ile hesabu si ya kweli. Anab hakuchanjwa."

"Si wewe uliyesema?"

"Nilisema na sikujua. Ni Weris. Weris alimpaka piko kidoleni, akawapaka na watoto wa wenzake, hospitali ikaandika wamechanjwa. Hakuchanjwa, Kaaha. Ndiyo maana alikufa." Alikuwa amelitoa. Jina la mke wa mwanawe lilikuwa limetoka katikati ya soko, na wanawake wawili waliokuwa karibu walikuwa wamenyamaza. Hakujali. "Mimi mwenyewe ninakwambia. Mrudishe mtoto."

Maka alisikia mbuzi, na upepo ukigonga simu ya Kaaha. Kaaha alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayefunika mdomo.

"Maka, uko wapi?"

"Niko sokoni."

"Nani yuko nawe?"

"Hakuna mtu. Niko na maziwa yako."

"Wamekuja kwako, sivyo? Nilijua watakuja. Mtu hawezi kusema vile redioni wakamwacha." Huko kwa Kaaha watu walichukuliwa na askari wakarudi na maneno mengine midomoni, na wengine hawakurudi. Watoto walijifunza hayo kabla ya kujifunza kukamua. "Wewe huwezi kumtaja Weris hivyo. Wewe ninayekujua mimi, mke wa mtoto wako humtaji kwa ubaya hata ukichomwa. Wamekuandikia hayo useme."

"Kaaha, wallahi..."

"Usiape. Usijiongezee dhambi kwa ajili yao. Nyamaza, walaal, ndugu yangu, usinijibu lolote. Ikiwa kuna mtu amesimama kando yako, kohoa tu. Mimi nitaelewa."

Maka alitaka kusema jina la Ahmednoor. Alitaka kupiga kelele iliyofika kisimani bila simu. Lakini machozi yalikuwa yamemjaa kooni tangu alipomtaja Weris, akayameza, akayameza tena, yakampalia, na kwa vyovyote alivyojizuia, akakohoa.

"Basi," Kaaha akasema kwa upole mwingi. "Nimesikia. Mungu awe nawe. Ngoja niende nikawaambie wale wachache waliorudi kwenye mstari leo watoke na watoto wao, wahame kabisa."

Simu ikakatika. Maka akapiga, hakumpata, akapiga tena. Kule kisimani, mtu akipata habari ya namna ile, jambo la kwanza analofanya ni kuzima simu.